Watani Waja Kumzika Ditram

Pale Ruaha, jirani na Kidodi, hukuhitaji kuuliza mara mbili nyumba ya mzee Ditram. Ungeambiwa tu uwafuate watu wanaokwenda kunywa chai. Na chai yenyewe, jamani, ilikuwa chai kwa jina. Ditram alikuwa akisema kwamba mgeni akinywa kwake kisha akaondoka midomo haigandani, huyo hakukaribishwa, amefukuzwa.

Usimcheke haraka. Mtu huyu alizaliwa kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa, baba yake akiwa Mngoni aliyeletwa kutoka Songea kukata katani, na utotoni sukari aliionja Krismasi na Pasaka. Alipokua akapata kazi kiwandani, kwenye mitungi mikubwa ya kuchemshia maji ya miwa mpaka yawe sukari, akakaa huko mpaka alipostaafu. Katikati ikapita ile miaka ya foleni. Sabuni hakuna, dawa ya meno hakuna, sukari inapimwa kwa kikombe kwenye duka la kaya, na mwenye duka anaamkiwa hata na waliomzidi umri. Miaka ile nyumba ya Ditram haikukosa, kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na mgao wao. Watu walikuja kuonja utamu kwake kama wanaokwenda kutambika. Wengine hupata heshima kwa ng'ombe, wengine kwa kusoma. Yeye aliipata kwa kijiko.

Aliyekishika kijiko hicho ni mkewe, Hildegarda, Mngoni mwenzake, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kulia. Tangu wiki ya arusi alijua kwamba mumewe anataka vijiko vitano. Siku akimkasirikia alimtilia vitatu. Ditram akipiga funda la kwanza tu alielewa, akaanza kuomba msamaha kabla hajaambiwa kosa. Hivyo ndivyo walivyosemezana miaka yote, na ndoa yao haikuhitaji wazee wa usuluhishi.

Basi ikaja ruksa. Soko likafunguliwa, maduka ya Ruaha yakajaa vitu ambavyo watoto hawakuvijua na wazee walikwisha kuvisahau: sukari ya ndani na ya nje, soda kwa makreti, siagi ya kopo, biskuti za pakiti. Watu wakala kwa kulipiza kisasi. Ditram, sasa mstaafu mwenye shamba lake la miwa na mashina mengine nyuma ya nyumba, akaongeza soda asubuhi na soda jioni juu ya chai yake. Alisema anawanywea na wenzake waliokufa bila kuonja, Mungu awarehemu.

Ndipo ilipoanza kiu. Alikuwa akimaliza mtungi wa maji na bado analalamika kwamba koo limekauka. Asubuhi moja Hildegarda, akifagia uani, akaona sisimizi wamejipanga kwenye shina la mgomba, mahali mumewe alipozoea kusimama alfajiri kwa uvivu wa kwenda chooni. Mama yake alimwambia zamani kwamba sisimizi wakiufuata mkojo wa mtu, mtu huyo si mzima. Alimwaga majivu pale, akafagia. Kesho yake sisimizi walikuwepo tena, na safari hii wamekuja na ukoo.

Kisha kikatokea kidonda. Ditram hakuvaa viatu shambani, kwa hoja kwamba ardhi ile inamjua. Siku moja ardhi haikumtambua. Kisiki cha muwa kikamchoma kidole gumba cha mguu, na kidonda ambacho kingepona kwa siku chache kikakaa, kikaloa, kikaanza kuwa na rangi mbaya. Hildegarda alimpandisha basi kwa maneno makali mpaka hospitalini Mikumi.

"Mzee, sukari yako iko juu sana," alisema daktari, dada wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Binti yangu," alijibu Ditram, "miaka yote niliyofanya kazi sukari yangu ilikuwa juu. Ndiyo maana mliinywa."

Daktari hakucheka. Alimgeukia Hildegarda. "Mama, kidonda hiki kinakula kwa ndani. Akiacha sukari, akameza vidonge, akakisafisha kila siku, tutauokoa mguu. Asipoacha tutakata, na sijui tutaanzia wapi. Mrudishe baada ya wiki tatu nimwone."

Hildegarda alilibeba neno lile "tutakata" mpaka nyumbani. Alilisikia wakati wa kusonga ugali na wakati wa kusali rozari. Hakuogopa mguu peke yake. Alimjua mumewe, mtu wa kutembea na kutembelewa. Aliona wazi kwamba Ditram asiye na mguu angekaa chini, na akikaa chini hatakaa sana.

Ditram akaacha sukari. Aliiacha hadharani, kwa kelele nyingi. Aligawa soda zake kwa majirani kama mtu anayegawa urithi. Alikunywa chai isiyo na sukari huku amefumba macho, akitaja majina ya watakatifu. Wageni waliendelea kupewa vijiko vyao kama kawaida, kwa sababu maradhi ni ya mwenye nyumba, si ya nyumba. Hildegarda alifurahi. Alimpikia mchicha, akampunguzia ugali, akamnunulia raba za mtumba, ambazo Ditram alizitundika ukutani zikapendeza sana.

Lakini sisimizi hawakuondoka.

Mchana mmoja alimpelekea mumewe chakula shambani. Akamkuta amekaa katikati ya miwa, panga kando, shavu limevimba, na mbele yake kilima cha makapi meupe ambayo hayajakauka.

"Baba Alfred, nini hicho?"

"Muwa."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema sukari." Ditram alitema makapi kwa utulivu. "Hii siyo sukari, mama. Muwa ni mti. Ungekuwa sukari, kile kiwanda kingejengwa cha nini?"

Kosa hili, nawaambia, angelifanya mtu wa Ruaha tu. Mtu wa Dodoma angeona muwa, akaonja, akajua. Lakini pale kwetu sukari ni kile kitu cheupe kinachotoka getini kwenye magunia. Muwa ni kitu cha kutafuna ukienda shule, tena unasafisha meno. Na Ditram ndiye aliyeona kwa macho yake moto unaotumika, chokaa inayotiwa, jasho la watu usiku na mchana. Kazi yote ile iwe ya kutafuta kitu ambacho kilikuwamo tangu shambani? Haikumwingia akilini. Kukiri hivyo kungekuwa kukiri kwamba maisha yake yote alikuwa anakausha maji tu.

Hildegarda alibembeleza, akafoka, akanuna. Akamtumia salamu mtoto wao Alfred, aliyekuwa fundi magari Morogoro. Alfred akaja, akaamkia shikamoo baba, akajibiwa marahaba, akaanza hotuba aliyoipanga njia nzima.

"Nani aliyekufundisha kumenya muwa?" Ditram alimkatiza.

"Wewe, baba."

"Basi umeota meno, sasa unanikataza nisitafune."

Alfred akanywa chai yake akarudi Morogoro. Generoza, jirani yao, mama wa jumuiya, alikuja kumwombea Ditram, na Ditram alisali naye vizuri kabisa, akamsindikiza, akapitia shambani. Sikio la kufa halisikii dawa. Kidonda kikaanza kunuka. Hildegarda, yule mgumu wa kulia, sasa alikuwa analia jikoni kila anapochochea moto, na akiulizwa anasingizia kuni mbichi.

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika ahadi ya daktari alipomkumbuka Costancia.

Costancia alikuwa Mhehe aliyeuza maharage sokoni Ruaha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wahehe na Wangoni walipigana sana zamani za mababu, wakauana mpaka wakachoka, na kilichobaki ni matusi. Ndiyo utani wenyewe. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akakuambia sura yako mbaya mbele ya wakwe zako, na wewe ukikasirika ndiye mwenye aibu. Msibani ndiyo hasa mahali pake. Watu wote wamenyamaza kwa majonzi, mtani analala mahali pa maiti na kuiga mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke.

"Kamwene, Mngoni!" Costancia alipaza sauti alipomwona. "Umekuja kununua au umekuja kuiba kama babu zako?"

Hildegarda alifungua mdomo ajibu tusi kwa tusi, inavyotakiwa, yakatoka machozi. Costancia alifunga gunia lake la maharage, akamvutia kigoda. Hildegarda akaeleza yote: kidonda, makapi, neno la daktari, mpaka habari za vijiko vitano na vitatu, ambazo hajapata kumwambia mtu.

"Njoo umtukane," alimalizia. "Mimi mkewe siwezi. Wewe utamwambia, na hatakuwa na pa kukasirikia."

Costancia alifikiri. "Malipo ni jogoo," alisema. "Na usiniulize nitafanyaje."

Jumapili, watu wamekwisha kutoka misa, Hildegarda alikuwa anamenya ndizi jikoni aliposikia vilio barabarani. Alitoka na kisu mkononi. Uani kwake walikuwa wanaingia Wahehe, wanawake wamejifunga kanga viunoni, mikono kichwani, wanalia kwa sauti za kukata maini. Nyuma yao wanaume wanne wamebeba mtu kwenye jamvi. Mtu huyo alikuwa Rafaeli, mdogo wake Costancia, amefunikwa shuka mpaka kifuani, mguu mmoja umefungwa matambara ukawa kama mzinga wa nyuki, na kinywani amebana kipande cha muwa.

Hildegarda alitaka mumewe atukanwe, hakusema azikwe.

Ditram alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani. "Nani kafa?" aliuliza.

"Wewe!" alilia Costancia.

"Lini?"

"Maiti haulizi saa! Lala utulie!"

Majirani walikuwa wanakusanyika kwenye ua, na Ditram alicheka. Alikuwa mtu wa utani, sifa hiyo msimnyime. "Kabla hamjanizika," alisema, "hesabuni kwanza mbwa wa mtaa huu. Nyie Wahehe mkipita mahali, mbwa hupungua." Watu wakaangua kicheko, na wengine wakaja kuketi chini kama waliofiwa kweli. Generoza peke yake alisimama mbali akipiga ishara ya msalaba. "Huu ni uchuro," alimnong'oneza Hildegarda. "Mtu hai hazikwi."

Costancia alisimama katikati ya uwanja kutoa wasifu. "Marehemu Ditram alizaliwa mkongeni, akafia muwani. Ameacha mjane, watoto, na makapi. Msije mkasema ameuawa na sukari, hapana! Sukari aliiacha. Yeye alikuwa anatafuna mti. Mti umemwangukia."

Hata Ditram alipangusa machozi ya kucheka. Rafaeli pale jamvini alifyonza muwa wake kwa sauti.

"Seremala anauliza," mmoja wa wabebaji alidakia, "jeneza likatwe fupi? Maana mguu wa marehemu ulikwisha kutangulia, umezikwa Mikumi."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kidogo. Ditram aliuvuta mguu wake akauficha chini ya kiti.

Ndipo Costancia alipolegeza kanga kiunoni akajitanda, akainama kidogo, na papo hapo kila mtu akaona Hildegarda: mabega yake, mwendo wake wa harakaharaka, namna anavyopangusa mikono kabla ya kushika kikombe. Alikaa kwenye kigoda, akamimina chai isiyokuwepo, akakoroga.

"Baba Alfred, chai," aliita.

Akakoroga tena, polepole.

"Baba Alfred, chai inapoa." Alingoja, ameelekeza sikio mlangoni. Sauti ile ya kuita ng'ombe ilikuwa imekwenda, imebaki ya mwanamke mzee peke yake ndani ya nyumba. "Leo nimetia vitatu, Baba Alfred. Nimekukasirikia. Njoo basi uniombe msamaha."

Hakuna aliyecheka. Na katika kimya hicho kikasikika kilio cha kweli. Hildegarda alikuwa amekaa chini mlangoni pa jikoni, kisu cha ndizi bado mkononi, analia kwa sauti mbele za watu, kitu ambacho Ruaha haikukiona hata alipomzika mama yake.

Ditram alimtazama Costancia, akamtazama mkewe. Vijiko vitatu hakuna aliyevijua isipokuwa yeye na mkewe.

"Mama Alfred," aliuliza taratibu, "ni wewe uliyewaita?"

Mtani ana kinga yake, mke hana. Mwanamke anayemwitia mumewe msiba akiwa hai anaweza kufungishwa virago siku hiyohiyo, na hakuna mzee atakayemtetea. Costancia alijaribu kudakia: "Tumekuja wenyewe, Mngoni, tumesikia harufu!" Hildegarda angeweza kunyamaza, na jambo lingeishia hapo.

"Ni mimi," alisema Hildegarda. "Tangu tulipotoka Mikumi nakuzika peke yangu kila siku, Baba Alfred, pale jikoni. Nimechoka. Nikasema walau nisaidiwe kulia."

Ditram aliutoa mguu chini ya kiti, akautazama wazi, mbele ya watu wote, kama mtu anayeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Sijui alichokiona. Najua kwamba alipoinua uso hakuwa mtu wa mzaha tena, ingawa maneno aliyosema yalikuwa ya utani, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuwa nayo.

"Watani," alisema, "maiti hiyo mnaiuza bei gani?"

Costancia alipangusa macho yake kwa pembe ya kanga, kisha sauti ikamrudia. "Miwa yote iliyo nyuma ya nyumba! Na kesho maiti ipande basi kwenda Mikumi, imevaa viatu! Na ile ya shambani, muwa hata mmoja ukigusa meno yako, tunarudi, na tutakuja na jembe!"

"Mnibakizie shina moja la mbegu."

"Chimbeni kaburi!" Costancia aliamuru.

"Haya, haya! Chukueni."

Wahehe waliifyeka miwa ile kwa furaha isiyo na adabu. Waliilaza kwenye jamvi alipotoka Rafaeli, wakaibeba mabegani wakiimba nyimbo za mazishi, huku wanatafuna, na marehemu mwenyewe akatangulia mbele anacheza, matambara ya mguuni yanaburuzika. Jogoo naye aliondoka nao, kwapani mwa Costancia. Ditram aliwasindikiza mpaka barabarani akichechemea, na aliporudi alikwenda akakaa chini mlangoni pa jikoni, karibu na mkewe. Hakumwomba msamaha. Alichukua ndizi akaanza kumenya, vibaya sana, akibakiza maganda.

Jumatatu walikwenda Mikumi. Sitasema uongo kwamba utani uliponya kidonda. Kidole gumba kilikatwa pamoja na cha pembeni yake, na daktari alisema wangechelewa kidogo wangekuwa wanazungumza habari za goti. Lakini mguu ulibaki. Ditram alikaa hospitalini akajifunza kupima mkojo wake, akajifunza kukagua nyayo kila jioni, akabishana na kila muuguzi kuhusu muwa, na kila muuguzi akamshinda. Siku ya mwisho alikubali kwamba kumbe sukari ilikuwamo tangu shambani. "Basi kazi yangu ilikuwa kuipunguzia maji tu," alimwambia Hildegarda, akiwa amenyong'onyea kweli. "Ulikausha vizuri kuliko wote," Hildegarda alimjibu, na hakuwa anamtania.

Waliporudi Ruaha walikuta uwanja umejaa. Wahehe walikuwa wamekaa chini, wamejitanda, wamekuja kulia vidole.

"Pole kwa kufiwa, mtani," Costancia alimshika Hildegarda mkono, uso mkavu. "Mapacha wote wawili kwa siku moja! Walikuwa vidole wa watu, wapole, hawakupata kumpiga mtu teke."

Hildegarda alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka mpaka mbavu zikauma. Alikuwa ameiogopa siku ya kumlilia mumewe uwanjani pale, na badala yake alikuwa anacheka vidole viwili, mwenye vidole amesimama kando yake kwa fimbo, mzima, amevaa raba.

Aliingia jikoni kuwapikia waombolezaji chai. Alipotoka na birika, Ditram aliwagawia vikombe mwenyewe. Costancia akapiga funda moja, akakunja uso, akaita kwa sauti ambayo ilisikika mpaka njia ya kiwandani:

"Mngoni! Chai gani hii? Nyumba ya Ditram inawanyima wafiwa sukari?"

Watu wote walimgeukia Ditram. Hildegarda alisimama na birika lake, maana swali hilo halijapata kuulizwa katika uwanja ule, hata miaka ya foleni.

Ditram alijimiminia kikombe chake, akanywa mpaka nusu bila kufumba macho.

"Anayetaka sukari akafie kwake," alisema. "Mimi nina mke wa kuzeeka naye."